Upinde Unaolindwa na Mwanamke

Upinde wenye heshima kuliko pinde zote za Waluba haukuwa wa kuwinda, na watu wa kawaida hawakuuona. Katika falme zao za Katanga, mfalme alikuwa na kitu cha kuegemezea upinde: mti au chuma chenye panda tatu juu, na chini ya panda hizo sanamu ya mwanamke, mara nyingi amejishika matiti kwa mikono miwili. Kitu hicho hakikuwekwa uwanjani watu wakitazame. Kilifichwa nyumbani pamoja na masalia ya wafalme waliotangulia, kikazungukwa na miiko, na mlinzi wake alikuwa mwanamke mwenye cheo. Baadhi ya vitu hivyo leo viko katika jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya Brussels, nyuma ya kioo, na yeyote mwenye tiketi anavitazama.

Siri hiyo inashangaza kwa sababu masimulizi ya Waluba yanaanza na mwindaji. Mbidi Kiluwe alitoka mashariki na upinde wake, akafika katika nchi ya Nkongolo, mtawala mlevi na mkatili, akaoa dada za mtawala huyo. Mtoto wa Mbidi, Kalala Ilunga, ndiye aliyekuja kumshinda Nkongolo na kuanzisha ufalme wenye adabu. Kutoka ukoo huohuo, masimulizi yanasema, akatoka Chibinda Ilunga, mwindaji aliyevuka hadi kwa Walunda akamwoa malkia Lueji. Wachongaji wa Kichokwe wamemchonga mara nyingi, mikono mikubwa, miguu mikubwa, na katika sanamu moja iliyoko Berlin ameshika bunduki. Basi hawa ni watu ambao ufalme wao ulizaliwa na mlenga shabaha. Nao ndio walioamua kwamba upinde wa mfalme usionekane, na ulindwe na mwanamke.

Kwa nini? Swali hilo linafaa kuulizwa Lubumbashi, mji mkubwa wa Katanga, kuliko mahali pengi, kwa maana mji huu umezoea maswali ya namna hiyo. Mwaka 1945, ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville, nyumba ya uchapishaji ya Lovania ilitoa humu kitabu cha padri Mfransisko Placide Tempels, La philosophie bantoue. Tempels alikuwa ameishi na Waluba, na alidai kwamba kwao kuwepo ni kuwa na nguvu, na kwamba nguvu ya mtu hukua au hupungua kwa sababu ya watu wengine, walio hai na waliokufa. Waafrika waliosomea falsafa walimjibu kwa ukali. Fabien Eboussi Boulaga wa Kamerun alimpinga waziwazi mwaka 1968. Walikuwa na haki kukataa watu mamilioni wafungwe ndani ya wazo moja. Lakini kipande kimoja cha madai ya Tempels kinamhusu mlenga shabaha moja kwa moja: kwamba mkono wa mtu si wake peke yake.

Wawindaji wa kusini mwa Katanga na wa ng'ambo ya mpaka, Zambia, walilijua hilo bila kitabu. Mwindaji aliyekosa mnyama mara tatu hakukagua bunduki tu. Aliuliza nyumbani kuna nini: nani amegombana na nani, mke amefanya nini, mzee gani amekasirika. Desturi hiyo imewaonea wanawake wengi, wakabebeshwa lawama ya risasi ambayo hawakuifyatua, na uonevu huo hauna utetezi. Hata hivyo chini yake lipo jambo zito: kwao, mlio wa bunduki ulikuwa na mizizi katika nyumba ya watu.

Kiswahili nacho kinalijua jambo hilo kwa njia yake. Kulenga kumezaa lengo, na neno shabaha lina maana ya kitu kinachopigwa na pia kusudi la moyo. Na kukosa! Anayepiga risasi ikapita pembeni amekosa; aliyemdhulumu jirani amekosa pia, na tendo lake linaitwa kosa. Wagiriki walitumia kitenzi kimoja kwa mshale uliopita kando na kwa dhambi. Waebrania vilevile. Lugha tatu zilizo mbali hivyo zimekutana hapa, na ni rahisi kudhani kwamba zinafundisha kitu kimoja: mtu mwema ni yule asiyekosa.

Biblia yenyewe inalivunja wazo hilo, katika sura ambayo wahubiri wengi huipita haraka. Waamuzi 20 inawataja watu 700 wa kabila la Benyamini, wote wa mkono wa kushoto, ambao kila mmoja aliweza kutupa jiwe kwa kombeo akapiga unywele bila kukosa. Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika hapo ni cha mzizi uleule unaotaja dhambi. Watu 700 wasiokosa, basi. Na walikuwa wanapigana upande gani? Watu wa Gibea, mji wa Wabenyamini, walimnajisi mwanamke usiku kucha mpaka akafa, na Benyamini wakakataa kuwatoa wahalifu. Mabingwa hao wa shabaha walikuwa wakiulinda uhalifu huo. Vita vilipokwisha, Wabenyamini 25,100 walikuwa wameanguka na wanaume 600 wamejificha kwenye mwamba wa Rimoni.

Kombeo halikukosa hata unywele. Kabila ndilo lililokosa.

Mchezo wa leo umeipeleka shabaha mbali kuliko unywele. Katika bunduki ya hewa ya mita 10, alama ya kumi ni nukta yenye upana wa nusu milimita. Katika bunduki ya mita 50 ya mikao mitatu, mtu hupiga amelala kifudifudi, amepiga goti, na amesimama, na kila mkao ni kama kazi nyingine: mwili uliotulia juu ya mkeka haujui lolote kuhusu mwili unaoyumba kwa miguu. Anayepiga sahani za udongo zinazoruka hatakiwi kutulia hata kidogo. Bunduki yake inakimbia na sahani na kuitangulia. Ndiyo maana wanaopata heshima ya juu katika aina zaidi ya moja ni wachache. Marekani ina nishani ya Distinguished ya bunduki, nyingine ya bastola, nyingine ya mashindano ya kimataifa, na mwenye zote tatu anahesabiwa kuwa mtu adimu. Kim Rhode alishinda medali katika Olimpiki sita mfululizo, kuanzia 1996 hadi 2016. Shindano lake la sahani mbili kwa wanawake lilipofutwa baada ya 2004, alihamia shindano jingine, na London mwaka 2012 alivunja sahani 99 kati ya 100. Károly Takács wa Hungary alipasukiwa na guruneti mkono wa kulia mwaka 1938, akajifunza upya kwa wa kushoto, akachukua dhahabu ya bastola mwaka 1948 na tena 1952.

Ukiwatazama hawa, unashawishika kusema: ustadi huu ni fadhila. Uvumilivu, pumzi iliyotawaliwa, uaminifu kwa mazoezi ambayo hayaonekani na mtu, yote hayo ni mambo ambayo mzee yeyote angependa mtoto wake awe nayo. Na ni kweli. Lakini kuna alasiri moja ya Athens inayoonyesha mahali fadhila hiyo inapoishia.

Tarehe 22 Agosti 2004, Matt Emmons wa Marekani alikuwa anaongoza fainali ya mikao mitatu, amebakiza risasi moja. Siku mbili nyuma alikuwa ameshinda dhahabu ya kulala kifudifudi. Akalenga, akatuliza pumzi, akafyatua, na risasi ikaingia vizuri, vizuri kiasi cha kutosha kumpa dhahabu ya pili. Ubao wake ukabaki mtupu. Alikuwa amesimama njia ya pili na amepiga shabaha ya njia ya tatu. Waamuzi wakaandika sifuri, naye akaanguka hadi nafasi ya nane. Macho, mkono, pumzi, kidole, vyote vilifanya kazi yao, na hakuna hata kimoja kilichouliza shabaha hii ni ya nani. Kidole hakina kazi hiyo. Emmons alilipa kwa medali tu. Kwa bahati njema ile ilikuwa shabaha ya mchezo tu.

Aristotle ana sentensi fupi katika kitabu cha sita cha Maadili kwa Nikomako inayoingia hapa. Katika ufundi, anasema, afadhali anayekosea kwa makusudi kuliko anayekosea bila kutaka. Katika busara ya kutenda, ni kinyume. Mlenga shabaha anayekosa makusudi bado ni fundi, labda fundi zaidi. Kwa hiyo ufundi na wema ni vitu viwili. Na kwa hiyo kuna saa ambapo anayekosa makusudi ndiye asiye na kosa.

Dini na falsafa zimemsogezea mlengaji mikono mingine. Cicero, karne ya 1 kabla ya Kristo, anaeleza mawazo ya Wastoa kwa mfano wa mpiga mishale: sehemu yake ni kufanya yote awezayo ili alenge sawasawa, mshale ukishatoka, kupata si kwake. Aya ya 17 ya Surat al-Anfal, iliyofungamanishwa na vita vya Badr, inaenda mbele zaidi: aliyetupa si aliyetupa, bali ni Mwenyezi Mungu. Aya hiyo inaweza kusomwa kama kinga ya kiburi, na ni kinga nzuri. Hatari iko kwa yule anayeigeuza iwe kinga ya dhamiri, akaua kisha akasema mkono haukuwa wake. Aya ilikuja kumnyang'anya mpigaji sifa. Haikuja kumwondolea hesabu.

Katanga inaijua hatari hiyo kwa majina na tarehe. Msiri, Mnyamwezi aliyekuja kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania, alijenga dola ya Wayeke huko Bunkeya kwa shaba, pembe za ndovu, watumwa, na bunduki alizonunua navyo. Tarehe 20 Desemba 1891 kapteni Mbelgiji Omer Bodson, wa msafara ulioongozwa na Stairs kutoka pwani ya Waswahili, alimpiga risasi akafa. Bodson mwenyewe alipigwa palepale, naye akafa. Nchi ikabadilisha mmiliki kwa risasi chache.

Miaka 69 baadaye, usiku wa tarehe 17 Januari 1961, magari yaliondoka Élisabethville kuelekea porini, Shilatembo. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa Kongo aliyeng'olewa, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walisimamishwa mmoja baada ya mwingine mbele ya kikosi cha askari wa Katanga iliyokuwa imejitenga, chini ya maofisa Wabelgiji, mawaziri wa Katanga wakitazama. Mmoja wao, Godefroid Munongo, alikuwa wa ukoo wa Msiri. Umbali ulikuwa mfupi. Hakuna ustadi uliohitajika, na hakuna aliyekosa. Mstari ule ulikuwa na vidole vya kutosha. Haukuwa na mtu wa kuuliza.

Huyo ndiye ambaye Waluba walimweka nyumbani kwa mfalme. Upinde ulikuwa na nguvu kiasi kwamba hawakuuacha kwa mwenye nao. Waliuegemeza juu ya mwanamke aliyechongwa, wakaukabidhi kwa mwanamke aliye hai. Vilabu vya shabaha vina kanuni za usalama, majeshi yana amri, na vyote ni vya lazima. Lakini amri hutoka kwa mtu yuleyule anayetaka risasi itoke. Mlinzi wa upinde alikuwa mtu mwingine.

Miili ya Shilatembo ilifukuliwa na kuyeyushwa kwa tindikali. Tarehe 20 Juni 2022 Ubelgiji iliirudishia familia ya Lumumba jino moja lililokuwa limehifadhiwa na polisi Mbelgiji aliyeifanya kazi hiyo. Jeneza lenye jino lilizungushwa nchini, likapitishwa Shilatembo, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Kwa Mpolo na Okito hakuna kilichorudi.