Je, Nishani Yatosha Kumpa Mtu Jina?

Liko swali ambalo huonekana dogo mpaka limfikie mtu mlangoni pake: je, ni haki kumpa mtu jina kwa kuyatazama mapambo aliyoyavaa? Nataka kulieleza kama lilivyonifikia mimi.

Mzee mmoja wa upande wa Katesh, chini ya mlima Hanang, aliniletea picha ya kale aliyoikuta sandukuni mwa marehemu baba yake. Ndani yake amesimama Mzungu mwenye ndevu na miwani, amevaa mavazi ya jeshi la Kidachi, na mabegani pake yaonekana fimbo iliyozungukwa na nyoka, ambayo ni alama ya madaktari wa jeshi hilo. Kifuani ana nishani mbili. Nyuma yake kidogo yuko mtu wa kwetu, hana viatu, amebeba sanduku la dawa.

Mzee akaniambia, "Mwalimu, huyu mwenye sanduku ni babu yangu. Hapo hatuna shaka, maana baba alituonyesha tangu utoto wetu. Lakini huyu bwana ni nani? Mjukuu wangu asema ni Robert Koch, yule daktari mashuhuri, naye ataka tuandike hivyo tuitundike ukutani."

Neno hilo lilikuwa na utamu wake. Koch ndiye aliyegundua mwaka 1882 kijidudu kiletacho kifua kikuu, na katika miaka ya 1905 hadi 1907 alifika kweli Afrika Mashariki kuchunguza maradhi. Nani asingependa kusema kwamba babu yake alimbebea dawa mtu kama huyo?

Basi tukatwaa kioo cha kukuzia. Nishani ya kwanza ni ya mviringo, na juu ya utepe wake kuna kibao chembamba cha madini ambacho kwa shida chasomeka "Deutsch-Ostafrika 1905/07". Hiyo ni nishani ya vita vya makoloni, iliyowekwa na Kaisari Wilhelm wa Pili mwaka 1912. Lakini Koch alifariki mwezi wa Mei 1910. Hakuna mtu awezaye kupigwa picha amevaa kitu ambacho hakijatengenezwa mpaka yeye awe kaburini. Kwa hiyo huyu si Koch.

Nishani ya pili ni ya msalaba, nayo ilitushinda. Misalaba ya nishani za Kidachi ilikuwa mingi, na mara nyingi hutambulikana kwa rangi za utepe. Lakini picha za siku zile huficha rangi: nyekundu hutoka kama nyeusi, na buluu hutoka karibu na nyeupe. Mtu akihukumu kwa macho tu atapotea.

Hapo nilijifunza jambo ambalo naona lafaa kwa mambo mengi ya maisha. Ushahidi mdogo waweza kukanusha kwa nguvu, walakini hauwezi kuthibitisha kwa nguvu iyo hiyo. Tarehe moja ilitosha kumwondoa Koch, lakini haikutosha kumleta mwingine mahali pake, maana nishani ile ilipewa watu wengi waliokuwa katika vita vile. Nishani hutaja kundi, haimtaji mtu. Ikiwa picha ilipigwa huku kwetu, twaweza kusema ni ya baada ya 1912, tena si ya baada ya 1916, kwa maana mwezi wa Aprili mwaka huo jeshi la Jenerali van Deventer liliitwaa Kondoa Irangi, na utawala wa Wadachi katika nchi hizi ukakoma. Zaidi ya hapo ni kubahatisha.

Mtu ataniuliza, "Yadhuru nini? Wote wamekufa. Waache watoto wafurahi." Nami najibu kwamba jina si pambo tu, jina ni deni. Anayelitwaa jina la Koch kwa sifa zake hana budi kulitwaa pamoja na habari za visiwa vya Sese, ambako aliwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa ya atoksili, na baadhi yao wakapofuka. Tena kile kibao cha 1905/07 ni cha vita vya Maji Maji, ambavyo watu wetu waliokufa humo walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, walio wengi kwa njaa. Kumpa nishani hiyo asiyekuwako ni kumtwika mzigo usio wake, na ni kumfichia mzigo aliyestahili kuulizwa. Kumpa mtu sifa asizozistahili ni kumvika kilemba cha ukoka.

Wala uangalifu huu si uvivu wa kutafuta. Mafuvu zaidi ya 1,000 ya watu wa Afrika Mashariki yaliyochukuliwa zama za Wadachi yalikaa Berlin miaka mingi bila majina. Mwaka 2023 ilitangazwa huko kwamba, kwa kusoma maandishi yaliyoachwa juu ya mafuvu na kupima damu ya urithi, wamepatikana jamaa walio hai wa watu 3, Wachaga wa Kilimanjaro. Yumkini wangaliweza kubuni majina siku ile ya kwanza. Lakini jina la kubuni lisingalimrudisha mtu yeyote kwao.

Nilimweleza mzee hayo yote. Alinyamaza kitambo, kwa maana si rahisi kumnyang'anya mjukuu furaha yake. Kisha akaniomba niandike nyuma ya picha: "Daktari wa jeshi la Kidachi, jina lake halijajulikana. Kati ya 1912 na 1916, ikiwa ilipigwa huku kwetu." Chini yake akaniambia niandike jina la babu yake, na la baba wa babu yake, na kazi aliyoifanya. Mwenye nishani akabaki bila jina, na mwenye miguu mitupu akapata jina lake, kwa sababu yeye alikuwa na shahidi.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani mwako wako wazee wawajuao watu wa picha zenu, waulize leo. Nishani zitangoja, lakini wazee hawatangoja.