Je, Kutia Sahihi Ni Kukubali?



Katika mitaa yetu ya Eastlands kuna jambo linalozikuta ndoa nyingi zikishavuka miaka ishirini na mitano au thelathini, nalo halitajwi sana katika mafundisho tunayowapa wachumba. Watoto wamekua na kwenda zao. Kazi imekwisha, au barua ya kustaafu iko njiani. Bwana anaitazama nyumba yao ya Buruburu, Umoja au Komarock, anasikia bei ambayo jirani ameuzia yake, kisha jioni moja anasema: "Mama, tuuze nyumba hii, turudi nyumbani tukapumzike." Mara nyingine ni bibi anayesema hivyo, na bwana ndiye anayenyamaza.

Kutaka kuuza si dhambi, na kutaka kubaki si ukaidi. Shida huanza pale mmoja anapotaka na mwingine anapotia sahihi ili tu pawe na amani nyumbani. Wakili ameridhika, mnunuzi ameridhika, karatasi zimekamilika. Lakini je, mwenzi yule amekubali?

Kinachouzwa ni nini?

Tuanze na nyumba yenyewe. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano, kuanzia mwaka 1973 hadi mapema miaka ya 1980, ikauzwa kwa mkopo kwa watu wa mishahara. Umoja ilianza katika miaka hiyo ya 1970 kwa fedha zilizodhaminiwa na serikali ya Marekani. Dandora ulikuwa mradi wa Benki ya Dunia ulioanza mwaka 1975: watu walipewa viwanja vilivyokwisha kuwekewa maji na choo, wakajijengea vyumba wenyewe, kimoja kimoja. Hakuna hata mtaa mmoja kati ya hiyo ambao mtu wa kawaida alipata nyumba kwa siku moja. Zilipatikana kwa miaka ya kujinyima.

Nani alijinyima? Hati ya mshahara ilikuwa na jina la bwana, na mkopo ulikatwa humo. Lakini mshahara ukishakatwa, unga ulitoka wapi? Karo ilitoka wapi? Mara nyingi ilitoka kwa bibi aliyeamka alfajiri kwenda Gikomba kununua mitumba, au aliyeuza mboga mlangoni. Na yule ambaye hakuuza chochote ndiye aliyelea watoto ili bwana aweze kuwahi basi la asubuhi. Matofali hayana jina, lakini jasho lililoyanunua lilikuwa la watu wawili.

Sheria ya nchi imelitambua jambo hili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, inawapa mume na mke haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakiwa ndani ya ndoa, na ndoa ikivunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kuwa mchango si fedha tu, bali pia kazi za nyumbani, kulea watoto, kulima shamba, kusimamia biashara ya familia, na hata kuwa mwenzi wa mwenzako. Hata hivyo Mahakama ya Juu ilieleza mnamo Januari 2023 kwamba usawa huo hauna maana ya kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja. Mchango wa kila mmoja huangaliwa. Ndiyo maana wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ridhaa ni ya watu wawili

Sheria hiyo ya 2013 inasema tena kwamba katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kukodishwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili. Na kwa nyumba ya ndoa, ikiwa itawekwa rehani au kukodishwa, ridhaa hiyo lazima iwe ya maandishi na mwenye kuitoa awe anajua anachokubali. Haijalishi hati imeandikwa jina la nani.

Sisi Wakatoliki neno hili ridhaa si geni kwetu. Mlipofunga ndoa hamkuunganishwa na pete, wala na karamu, wala na sahihi katika kitabu cha parokia. Kanisa linafundisha kwamba ridhaa ya wawili ndiyo inayoifanya ndoa, na hakuna mamlaka ya mwanadamu inayoweza kuitoa kwa niaba yao. Baba mzazi hawezi. Hata padre hawezi. Tena ridhaa iliyotolewa kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa haifanyi ndoa, hata kama maneno yote yalitamkwa mbele ya umati.

Basi kama siku ile ya kwanza tuliulizwa waziwazi, na jibu likangojwa, kwa nini siku ya kuuza nyumba tuone kwamba kunyamaza kunatosha? Mwenzi aliyesema "fanya unavyotaka" hajasema ndiyo. Amesema amechoka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa namna hii husikika miaka mingi baadaye, mkiwa wazee wawili katika nyumba moja, mmoja akimkumbusha mwenziwe kila mvua inyeshapo kwamba ni yeye aliyewaleta huku.

Kubadilisha haki kwa hisani

Ridhaa ya kweli inahitaji kujua. Kujua nini? Si bei tu. Mfano mmoja utatusaidia kuona.

Tuseme bwana na bibi wameuza nyumba yao ya Umoja. Fedha zimejenga nyumba ya mawe, vyumba vinne, katika shamba la baba yake bwana. Hati ya shamba bado ina jina la mzee, au la babu aliyefariki zamani. Miaka mitatu baadaye bwana anaaga dunia. Bibi anabaki ndani ya nyumba nzuri iliyosimama juu ya ardhi isiyo yake. Shemeji zake wakiwa watu wema, atakaa kwa amani. Wasipokuwa wema, ataanza kuzunguka ofisi na mahakama akiwa na miaka sitini na mitano, akieleza kwamba mawe yale yaliletwa na miaka yake thelathini ya Nairobi.

Mjini alikuwa na haki, na mashambani amepewa hisani. Sheria ya 2013 yenyewe inasema kwamba mali inayoshikwa kwa amana, pamoja na ile ya amana ya kimila, haihesabiwi kuwa mali ya ndoa. Kwa hiyo ulinzi aliokuwa nao Umoja huenda usimfuate kijijini. Je, alipotia sahihi alilijua hilo? Na bwana alilijua, akanyamaza? Kama alilijua na kunyamaza, hapo hatuzungumzii tena makosa ya karatasi. Tunazungumzia uaminifu.

Kuna jambo jingine linalofichwa: deni. Bwana anasema "tukapumzike", kumbe anadaiwa na chama cha akiba na mikopo, na nyumba ndiyo itakayolipa. Au bibi anasisitiza wauze, kumbe amemdhamini ndugu yake na tarehe imefika. Kuwa na deni si jambo la ajabu katika jiji hili. Lakini kuomba ridhaa huku ukificha sababu ni kumfunga mwenzako macho kisha kumshika mkono ili aandike jina lake.

Anayekataa naye ana wajibu

Hapa huenda baadhi ya mabibi wanatikisa kichwa kwa furaha, na mabwana wanataka kufunga ukurasa. Ngojeni kidogo. Ridhaa haiwezi kulazimishwa, lakini pia haifai kugeuzwa kuwa kufuli. Anayekataa anadaiwa sababu, tena sababu ya kweli.

Mara nyingi sababu si nyumba. Ni zahanati anakopatia dawa ya sukari. Ni mjukuu anayeshinda kwake mama yake akiwa kazini. Ni jumuiya ndogo ndogo iliyokesha naye alipofiwa, na sasa anaulizwa akaanze upya miongoni mwa watu wanaomjua kama mke wa fulani tu. Kwa mwingine ni kibanda chake sokoni, ambacho ndicho fedha yake pekee asiyohitaji kuiomba. Mambo haya yakisemwa, yanaweza kupatiwa njia. Yasiposemwa, bwana ataona ukaidi tu.

Naye bwana ana yake. Mtu aliyepata mshahara miaka thelathini na mitano anaweza kuogopa kuzeeka mjini bila mshahara, akinunua hata sukuma wiki. Anaweza kuwa anaona aibu kukaa mlangoni mchana vijana wakipita. Hofu hiyo nayo inastahili kusikilizwa, wala si ya kuchekwa.

Wako wanaojitetea kwa Abrahamu: alipoambiwa aondoke, aliondoka akiwa na miaka sabini na mitano, wala hatusomi kwamba alimwuliza Sara. Ni kweli hatusomi. Lakini Abrahamu aliitwa na Mungu; wewe umeitwa na pensheni. Tena Abrahamu alipolala hemani, Sara naye alilala hemani.  Anayetaka kumwiga Abrahamu katika kuondoka amwige pia katika hilo.

Mfanye nini basi?

Kwanza, wekeni hesabu yote mezani: bei, madeni, gharama za wakili, na kodi. Kodi ya faida inayotokana na kuuza mali imekuwa asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023, lakini nyumba ambayo mwenyewe ameishi ndani yake mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuihamisha husamehewa. Mkihama, mkaipangisha, kisha mkauza baadaye, msamaha huo unaweza kuwapotea. Jambo kama hili wote wawili wanapaswa kulisikia kutoka kwa wakili kwa masikio yao.

Pili, kabla ya kuuza mnapotoka, hakikisheni mnapokwenda. Kama ni shamba la ukoo, sehemu yenu ikatwe na hati itolewe kwa majina yenu mawili. Shamba la kilimo hupitia Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Nendeni pamoja, wala bibi asibaki nje chini ya mti. Kama ukoo hauko tayari kukata, basi nunueni kwingine, hata robo ekari.

Tatu, nendeni mkakae kwanza. Si siku nne za Krismasi, wakati kila mtu anachinja mbuzi na kucheka. Kaeni miezi miwili au mitatu, mvua ikiwamo, mkiteka maji na kutafuta dawa.

Nne, fedha za mauzo ziingie katika akaunti inayohitaji sahihi za wote wawili. Anayedai mmekubaliana hana sababu ya kuukataa mpango huo.

Tano, ulizaneni mara mbili. Aliyesema ndiyo leo aulizwe tena baada ya mwezi, kabla ya mnunuzi kulipa ile asilimia 10 ya mwanzo. Jibu likibadilika, msiite usaliti. Afadhali libadilike sasa kuliko baada ya lori kuondoka na vitanda. Watoto wakubwa washauriane nanyi, lakini wasipige kura. Hawakuwapo mlipoanza kulipa.

Wenzetu wanaopanga nyumba za kaunti kule Kaloleni, Bahati au Jerusalem hawana hati ya kuuza, lakini swali lao ni lilo hilo siku ya kurudisha ufunguo. Ndivyo ilivyo pia kwa matatu iliyosomesha watoto, kwa duka, au kwa mashua ya wenzetu wa Pwani. Chochote kilichokuwa maisha ya wawili kisigeuzwe fedha na mmoja.

Wapendwa, nyumba inaweza kuuzwa na ndoa ikabaki nzima, hata ikapata nguvu mpya, kama miti inayohamishwa na udongo wake. Jioni hii zimeni redio, kaeni pamoja, kila mmoja ajibu kwa zamu bila kukatizwa:

1. Nyumba hii, kwangu mimi, ni nini zaidi ya fedha?
2. Nikibaki peke yangu huko tuendako, nitasimama juu ya nini kilicho changu?
3. Kuna deni au hofu ambayo sijakuambia?
4. Ningesema hapana, ungeendelea kunisikiliza?

Mkishayajibu yote manne, ndipo mmpigie wakili simu.