Dhamiri Safi Hulipiwa na Nani?

Mwezi wa Oktoba 2022 nilikuwa nyumbani Kamembe, nimemaliza sekondari na ninasubiri matokeo. Jioni moja redio ilitangaza kwamba Baraza la Wabunge limeukataa muswada uliotaka kijana aliyetimiza miaka 15 apewe huduma za uzazi wa mpango bila kusindikizwa na mzazi. Baba, ambaye ni mzee wa kanisa, aliinua mikono kama mtu aliyejibiwa maombi. "Leo wabunge wamekuwa wazazi," akasema. Mama hakusema kitu. Mimi nilifurahi pamoja na baba, na sitaki msomaji adhani nilifurahi ili kumpendeza. Niliamini kabisa.

Sheria iliyokuwapo ni ile ya afya ya uzazi ya mwaka 2016. Iliwapa haki ya kujiamulia mambo ya uzazi watu waliofikia utu uzima, yaani miaka 18. Aliye chini ya hapo alihitaji mzazi. Muswada wa 2022 haukutoka serikalini, uliletwa na wabunge wenyewe, nao ulikufa mapema, katika hatua ya kujadili kama una msingi. Waliopinga walitaja utamaduni, dini na nafasi ya mzazi. (Wanaosema kwamba sheria za namna hii ni za wanaume dhidi ya wanawake wakumbuke kwamba zaidi ya nusu ya wabunge wetu walikuwa wanawake. Jambo hili si jepesi hivyo.)

Swali ninalotaka kulijadili ni hili: mbunge anayeamini kwamba jambo fulani ni dhambi, au linabomoa desturi za wazee, ana haki ya kuifanya imani yake kuwa sheria ya wote?

Wenzangu wengi chuoni hujibu haraka: aiache dini yake nyumbani. Jibu hilo halinitoshi. Mbunge aliyepiga kura ya ndiyo naye alikuja na dhamiri yake, ila haikuwa na jina la kanisa. Hakuna mtu anayeingia bungeni akiwa mtupu. Isitoshe, lugha zetu zenyewe hazitusaidii kutenganisha. Kwa Kinyarwanda, *itegeko* ni neno la sheria inayopitishwa na Bunge, na ni neno hilohilo la Amri Kumi za Mungu. Baba anaposema *itegeko*, husikia sauti mbili kwa pamoja. Nilipoanza kusoma Kiswahili nilidhani hapa tumepata nafuu, kwa kuwa amri ni amri na sheria ni sheria. Kisha mwalimu akatukumbusha neno *sheria* lilitoka wapi, tukacheka.

Wengine hujibu kwamba mbunge afuate tu matakwa ya waliomchagua. Mwaka 1774 Edmund Burke aliwaambia wapiga kura wa Bristol kwamba mwakilishi anawadai akili yake, na kwamba akiitoa sadaka kwa ajili ya maoni yao anawasaliti. Miaka sita baadaye aliona kwamba watu wa Bristol hawamtaki tena, akajiondoa. Kwetu jambo hili ni gumu zaidi. Baraza letu lina viti 80, na 53 kati yake hujazwa kwa orodha za vyama. Hakuna mbunge ninayeweza kumsimamisha sokoni Kamembe nikamwambia, "Wewe ni wa Rusizi, eleza kura yako." Kwa hiyo mbunge wetu amebaki na dhamiri yake zaidi kuliko wa Burke. Ndiyo maana inafaa tuiulize dhamiri hiyo maswali.

Katika somo la falsafa ya sheria mabishano haya huanza na John Stuart Mill, aliyeandika mwaka 1859 kwamba jamii isimlazimishe mtu ila kwa kuzuia asiwadhuru wengine. Halafu huja mzozo wa Uingereza: Patrick Devlin akisema mwaka 1959 kwamba jamii ina haki ya kulinda maadili yake kwa sheria, na H.L.A. Hart akimjibu. Nilipoandika insha yangu ya kwanza juu ya muswada ule nilimtumia Mill kama rungu. Mhadhiri alinirudishia karatasi na swali moja pembeni: "Mill alisema nini kuhusu watoto?" Nikasoma tena. Mill mwenyewe anawatoa watoto katika kanuni yake. Anasema inawahusu waliokomaa tu. Rungu likanianguka miguuni. Kwa msichana wa miaka 16, mhafidhina na mwanauhuru wanakubaliana kwamba mtu mwingine anaweza kumwamulia. Wanagombania tu ni nani, na kwa faida ya nani.

Sasa nieleze jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo.

Desemba ya mwaka uleule, binti wa shangazi yangu alinifuata nyuma ya nyumba nikiwa ninaosha pikipiki ya baba. Alikuwa na miaka 16. Shangazi huuza sambaza sokoni, huondoka alfajiri na kurudi jioni. Binti alisema, bila kunitazama, kwamba usiku uliopita alikuwa na mvulana wa shule yao, mwenye miaka 17, na kwamba kuna kidonge kinachosaidia kikimezwa ndani ya siku tatu. Alikuwa amekwenda kituo cha afya asubuhi, akaambiwa aje na mama yake. "Kaka, wewe ni mtu mzima," alisema. "Ingia tu duka la dawa uninunulie. Pesa ninazo."

Nilikataa. Sikumkemea, nilimjibu kwa upole. Nilimwambia dhamiri yangu hainiruhusu, kisha nikaongeza sentensi ambayo bado inaniuma: "Hata Bunge limekataa." Nikamshauri amweleze mama yake. Hakumweleza. Septemba iliyofuata alijifungua.

Nimeitazama sentensi ile mara nyingi. Sheria haikunikataza mimi kuingia dukani. Nilichofanya ni kuichukua kura ya watu walioko Kigali, ambao hawakumjua binti huyu, na kuiweka katikati yetu kama ukuta. Nikatoka pale nikiwa safi. Siku ile niliona nimeshinda jaribu, na jioni nilikwenda mazoezi ya kwaya nikaimba vizuri. Gharama ya usafi wangu ilikuwa miezi tisa, shule na jina la mtu, na hata senti moja ya gharama hiyo haikutoka mfukoni mwangu.

Hapa ndipo nilipoanza kumwona mbunge wa baba kwa jicho jingine. Simwoni kuwa mbaya. Ninamwona kama mimi. Kura ya hapana inamwacha akiwa na dhamiri safi, na hilo si jambo la kudharau, kwa sababu mtu asiye na dhamiri bungeni ni hatari zaidi. Lakini kuna tofauti kati ya kukataa kutenda ninachoamini ni kosa na kumpelekea mwingine malipo ya kukataa kwangu. Mkristo anayejinyima nyama siku ya Ijumaa hulipa mwenyewe. Nikimnyima jirani nyama kwa ajili ya Ijumaa yangu, hapo siyo mfungo tena.

Sheria zetu zenyewe zilikuwa na mpasuko mahali hapo. Kanuni ya adhabu ya 2018 inamwadhibu vikali anayemnajisi mtoto, lakini inasema kwamba ikiwa wote wawili ni watoto waliotimiza miaka 14 na hapakuwa na nguvu wala vitisho, adhabu haitolewi. Kanuni hiyohiyo inaruhusu mimba itolewe na daktari ikiwa mwenye mimba ni mtoto, anayemlea akiomba. Soma mambo haya pamoja na ile sheria ya uzazi ya 2016. Msichana wa miaka 16 hakuadhibiwa kwa tendo, na angeweza kuruhusiwa kuitoa mimba, ila kidonge cha kuizuia isiingie alikisubiri mpaka mama atoke sokoni. Mhafidhina anayeuchukia utoaji mimba kuliko yote alipaswa kuwa wa kwanza kuliona hili. Sijui kwa nini hakuliona. Huenda ni kwa sababu kidonge kina sura ya ruhusa, na mimba ina sura ya adhabu, na wengi wetu, tukiwa wakweli, tunaona adhabu inafundisha.

Jirani zetu Watanzania waliisikia hoja hiyo bila kificho. Juni 2017 Rais Magufuli alisema kwamba katika utawala wake msichana aliyepata mimba hatarudi shule ya serikali, kwa kuwa wengine wangeiga. Marufuku hiyo iliondolewa Novemba 2021. Miaka minne ni umri wa sekondari ya mtu. Tazama hoja yenyewe: huyu aumie ili wale waogope. Kant alionya tusimtumie mtu kama chombo tu cha kufikia lengo letu, na sioni mfano ulio wazi kuliko huu. Msichana amegeuzwa kibao cha barabarani chenye maandishi ya hatari. Kibao hakiulizwi kama kinasikia baridi.

Lakini nisimwonee mhafidhina. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2019–20 ulionyesha kwamba kama asilimia 5 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameanza kuzaa, nao ule wa 2014–15 ulionyesha asilimia 7. Idadi ilishuka bila muswada wowote. Anaweza kusema, kwa haki, kwamba mzazi na mwalimu wanafanya kazi polepole na sheria isiwapokonye kazi hiyo. Anaweza pia kusema kwamba kijana anayekwenda kituoni peke yake huenda anaficha mtu mzima anayemharibu, na mzazi ndiye angegundua. Hoja hiyo ya pili ninaiona nzito kuliko zote, na watetezi wa muswada huipita mbio. Ila inafanya kazi tu pale ambapo mzazi si yeye anayeogopwa.

Kilichonisaidia kufikiri zaidi ni Uganda. David Bahati, mbunge wa Ndorwa Magharibi huko Kabale, karibu na mpaka wetu, alileta muswada wake dhidi ya ushoga mwaka 2009. Sheria iliyotokana nao ilifutwa na Mahakama ya Katiba Agosti 2014 kwa sababu akidi haikutimia bungeni. Mwaka 2023 Asuman Basalirwa akaleta mwingine, ukapita. Aprili 2024 mahakama hiyo iliiacha sehemu kubwa ya sheria isimame, lakini iliondoa vipengele kadhaa, kikiwamo kile kilichowalazimu watu kuripoti wenzao. Siingii hapa katika jambo lenyewe. Ninachokiona ni kwamba hata majaji waliokubali Bunge liseme lipi ni ovu walisita lilipotaka kuifanya midomo ya majirani na waganga kuwa mikono ya dhamiri yake. Muuguzi wa Kamembe aliyemrudisha binti wa shangazi naye alikuwa mkono wa namna hiyo. Huenda hata yeye alirudi nyumbani akiwa na uchungu.

Baada ya mimba kujulikana, mume wa shangazi alimfukuza binti. Aliyekwenda kumchukua ni baba yangu, yuleyule aliyeinua mikono mbele ya redio. Alimpa chumba nilichokuwa nikilala, akamlipia hospitali, akasimama kanisani watu wakinong'ona. Hakuna hata siku moja aliyomhubiria. Mimi, niliyekuwa nimeanza kusema maneno ya uhuru na haki, nilikuwa nimeondoka kwenda chuoni. Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba wahafidhina hawalipi. Baba alilipa. Swali langu kwa mbunge ni kama angepiga kura ileile iwapo kila kura ya hapana ingemletea msichana mmoja wa kulea nyumbani kwake. Akijibu ndiyo, nitamheshimu, ingawa bado nitamwambia kwamba vyumba vya baba yangu ni vitatu tu.

Agosti 2025 Bunge lilipitisha sheria mpya ya huduma za afya, na sasa aliyetimiza miaka 15 anaweza kujiamulia huduma bila mzazi. Nilikuwa nyumbani tena. Baba alisikiliza habari mpaka mwisho, safari hii hakuinua mikono. Mtoto wa binti wa shangazi, anayekaribia miaka miwili, alikuwa amelala kifuani pake.

"Mwanangu," aliniambia, "kama sheria hii ingekuwapo wakati ule, huyu asingekuwapo. Hilo ndilo mlilotaka?"

Sikuwa na jibu, na chuoni hawajanipa. Kumpenda mtoto hakuufanyi mlango uliofungwa mbele ya mama yake kuwa mlango mwema. Hilo ninaweza kulitetea kwenye karatasi. Mbele ya baba, na mtoto akikoroma, maneno yalinikauka.

Binti wa shangazi alikuwa anapiga pasi sare yake. Amerudi shule, anasoma na wadogo zake kwa umri. "Mjomba," alisema bila kugeuka, kwa namna ambayo siku hizi huniita kwa niaba ya mtoto, "huyo mtoto ni wangu, msimtumie kubishana." Kisha akamchukua kutoka kifuani kwa baba, akaenda kumlaza.