UJI WA SHULE NA ORODHA YA WAJANE
Somo: Matendo ya Mitume 6:1-7

 

Katika somo letu, kanisa la kwanza lilipata shida iliyotoka ndani, tena kwenye chakula. Waamini waliosema Kiyunani walinung'unika, kwa sababu wajane wao walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Wajane hao walikuwa Wayahudi kama wengine, ila lugha yao ilikuwa ya ugenini. Hatusomi popote kwamba mtu alitoa amri wanyimwe. Walisahauliwa tu. Asiye na wa kumsemea husahauliwa hata na watu wema.

Sisi tunaoishi katika makambi ya Uganda tunaelewa jambo hili bila mwalimu. Tunajua kupanga mstari tangu asubuhi, halafu kuambiwa jina halimo. Basi mwezi huu tuangalie orodha moja ambayo iko mikononi mwetu wenyewe: orodha ya uji wa shule.

Nchi hii imetutendea mema. Elimu ya Msingi kwa Wote ilianza hapa mwaka 1997, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mtoto wetu haki ya shule ya msingi sawa na mtoto wa mwenyeji. Sisi tuliozoea kudaiwa minervali kule Kongo tunamshukuru Mungu. Lakini Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inasema chakula cha mtoto ni jukumu la mzazi. Ndiyo sababu kamati za wazazi hupanga mchango wa kila muhula, pesa au mahindi au kuni. Aliyetoa, mtoto wake hunywa. Asiyetoa, mtoto wake hukaa akiangalia wenzake.

Zamani mzazi aliweza kupunguza kidogo katika mgao wake akapeleka shuleni. Tangu Julai 2023 familia zilipangwa katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji, na zile zilizoonekana zinajiweza ziliondolewa. Mei 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, Shirika la Chakula Duniani lilisimamisha mgao kwa wakimbizi wapatao milioni moja katika Uganda. Nyumba iliyoandikwa kwamba inajiweza yaweza leo kuwa na baba mgonjwa na shamba lililokauka. Karatasi haioni hayo. Jirani anayaona. Basi, tujifunze mambo matatu.

Kwanza, kulalamikia haki si dhambi. Mitume hawakuwakemea wale watu kwamba hawana shukrani. Waliita mkutano, wakasikiliza, wakatengeneza. Mama akisimama katika mkutano wa wazazi akasema mtoto wake hanywi uji, asinyamazishwe kwa kuwa hajui Kiingereza, wala kwa kabila lake, awe Mhema au Mlendu, Mnande au Mbembe.

Pili, kugawa chakula ni kazi ya kiroho. Wako watumishi wanaoushika mstari wa pili na kusema, "Sisi kazi yetu ni Neno, mambo ya uji ni ya kamati." Tusome mpaka mwisho. Kwa kazi ya meza walitafutwa watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wakawekewa mikono. Tena majina yao, kuanzia Stefano hadi Nikolao wa Antiokia, ni ya Kiyunani. Maana yake, waliosahauliwa waliona watu wa lugha yao wakisimamia mgao. Je, kamati zetu zikoje? Mjane yumo? Mzazi asiye na kitu yumo? Mwenyeji yumo? Watoto wao na wetu wanakaa dawati moja, na njaa haiulizi kitambulisho.

Tatu, msaada usimwaibishe mtu. Katika Ruthu sura ya 2, Boazi alimkaribisha yule mgeni Mmoabu ale pamoja na wavunaji, akala akashiba. Kisha akawaagiza vijana wake wasimfedheheshe, na wamwachie masuke kwa makusudi. Ruthu aliokota kama mtu anayefanya kazi yake. Mtoto anayeitwa mbele ya darasa kwamba ni wa bure ameshiba tumbo, lakini moyo umejeruhiwa. Wengine huona afadhali wakae nyumbani.

Wako wanaouliza: tukimpa uji mtoto wa asiyechanga, si wote wataacha kuchanga? Nao hutaja 2 Wathesalonike 3:10, juu ya asiyetaka kufanya kazi. Wapendwa, Paulo alisema hayo kwa mtu mzima anayekataa kazi. Mtoto wa darasa la pili hajakataa kazi yoyote. Mzazi mvivu aonywe na wazee, na mtoto anywe uji.

Kwa hiyo tunaomba kila kanisa la mtaa lifanye haya kabla ya muhula kuanza:

1. Mashemasi wawili na mama mmoja wakae na kamati ya shule. Majina ya wasioweza yaamuliwe hapo, na yasisomwe mbele ya watoto.

2. Mzazi asiye na pesa apewe nafasi ya kuleta kuni, kuchota maji au kushika zamu ya kupika. Kazi hiyo aifanye mzazi, mtoto abaki darasani.

3. Wakati wa mavuno, kila nyumba inayolima ilete kikombe cha mahindi pamoja na sadaka, kwa ajili ya watoto hao. Walawi 19:9-10 inatufundisha kumwachia maskini na mgeni sehemu ya shamba.

4. Orodha ipitiwe upya kila muhula, kwa sababu hali ya nyumba hubadilika.

Tazameni mstari wa 7. Baada ya meza kutengenezwa, Neno la Mungu lilienea na idadi ya wanafunzi ikaongezeka sana Yerusalemu. Tunaomba uamsho kila Ijumaa usiku, na ni vema. Jumatatu saa nne asubuhi, uji unapogawanywa, tukahakikishe hakuna mtoto aliyeachwa nje ya mstari.

Bwana awabariki na kuwalinda watoto wetu. Amina.