Wakfu Ndio Chakula cha Chuo

Ndugu zangu katika imani, hadi lini? Kila Shaabani ikiandama, mudiri wa chuo cha bweni huacha darasa lake, akachukua barua zake na kwenda kubisha hodi kwa matajiri. Akipata, watoto hula. Akikosa, mishahara ya maustadhi husimama, uji hupunguzwa, na darasa la juu hufungwa. Halafu tunauliza wanachuoni wamekwenda wapi!

Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar, mali aliyoithamini kuliko zote, alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, amtake ushauri aifanyeje. Akaelekezwa aizuie asili yake na mazao yake ayatoe sadaka. Ardhi ile isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe. Huo ndio wakfu; njia tumeonyeshwa zamani.

Tazameni Gontor, Java Mashariki, nchini Indonesia. Ndugu watatu, Ahmad Sahal, Zainuddin Fananie na Imam Zarkasyi, walikifungua chuo chao mwaka 1926. Mwaka 1958 wakafanya jambo zito: wakakitoa wakfu, wakakikabidhi baraza la watu 15, kikatoka mikononi mwa ukoo wao. Leo chuo kina mashamba ya mpunga, kinu cha kukobolea, kiwanda cha chapa na maduka. Waendeshaji ni walimu na wanafunzi wenyewe, na faida hurudi chuoni.

Nawasihi mlizingatie hilo la ukoo, maana ndipo tunapoangamia. Pwani yetu haikukosa wakfu. Wazee wetu walitoa minazi, mikarafuu na nyumba, Mombasa, Lamu, Unguja. Lakini ni ngapi zilizowekwa kwa maneno ya mdomo tu, msimamizi akafariki, wanawe wakagawana? Mali ya Mwenyezi Mungu hairithiwi! Anayekula kodi ya nyumba ya wakfu anawapokonya watoto sahani zao, na ataulizwa siku ambayo hakuna wakili.

Basi mwenye eka aitoe. Asiye na eka aungane na wenzake wajenge fremu moja ya duka. Mfadhili akija kutujengea msikiti wa pili mtaa uleule, mwambieni kwa adabu: Sheikh, tujengee nyumba za kupangisha, kodi yake iwalishe wanafunzi hata baada yako. Hati iandikwe na isajiliwe, Zanzibar kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, Kenya kwa Tume ya Wakfu. Hesabu zisomwe hadharani kila mwaka. Na wallahi, wanafunzi wasigeuzwe vibarua! Mtoto ameletwa kuhifadhi Qur'ani. Ajifunze kilimo na biashara, lakini jembe lisimnyang'anye msahafu.

Ijumaa hii, swala ikimalizika, msitawanyike. Ketini na mudiri, mumuulize: chuo kina ardhi kiasi gani, hati iko wapi, na imeandikwa kwa jina la nani?