Ni nani aliyekuambia u uchi?

Wanawake katika picha ya mchoraji Cézanne karibu hawana macho. Ndilo jambo la kwanza ninalowaonyesha wanafunzi wangu wa kozi ya dini hapa Alimbongo, Lubero, tunapofika Mwanzo sura ya pili, pale watu wawili wako uchi na hakuna anayeona haya. Picha yenyewe iko Philadelphia, Marekani: zaidi ya mita mbili kwenda juu, mita mbili na nusu kwa upana. Miti imeinamiana kama paa la kanisa, na chini yake wanawake wanaoga kando ya mto. Paul Cézanne aliihangaikia miaka yake ya mwisho, akafa mwaka 1906 bila kuimaliza.

Wavulana hucheka. Nawaacha wacheke, kisha nawaambia kwamba kwa picha hii mzee huyo hakumvua mwanamke yeyote nguo mbele yake. Aliona haya, akaogopa na maneno ya watu wa mji wake wa Aix. Alichora kutokana na kumbukumbu na michoro yake ya zamani, labda pia siku za ujana alipoogelea mto Arc na rafiki yake Émile Zola.

Katika sura inayofuata ya Mwanzo, Mungu anapomtafuta Adamu bustanini, hamkaripii kwa kuwa uchi. Anamuuliza ni nani aliyempasha habari hiyo. Mwili ulikuwa uleule wa jana. Aibu iliingia pamoja na jicho linalotafuta cha kuchukua.

Sisi akina mama wa milimani hilo tunalifahamu. Alimbongo iko juu, zaidi ya mita 2,000, na maji ya kijito yanauma. Utotoni mwangu tulioga haraka baada ya kulima viazi, meno yakigongana, vikwembe vimetandazwa majanini. Shangazi alimsugua mama mgongo, na hakuna aliyempima mwenzake kwa macho. Sasa wengi wetu tunateka bidoni moja na kuogea uani, kwa kuwa njia ya kijitoni ina watu wenye silaha.

Kwa hiyo sikubaliani na wahubiri wanaosema nguo ndefu itaturudishia heshima. Mwanamke aliyejifunga vikwembe viwili anashambuliwa akienda shambani, hapahapa Lubero, na nguo zake hazimkingi. Naamini walichopoteza Adamu na Hawa ni usalama mbele ya mwenzao. Huo hakuna fundi anayeushona, na kanisa lisipoulilia huo kwanza, mahubiri yake juu ya mavazi yanamtwisha aliyeumizwa mzigo wa aliyemuumiza.

Ng'ambo ya mto, mbali, Cézanne ameweka watu wadogo wawili. Msichana mmoja aliwaona kabla sijawataja. “Madamu, wale ni walinzi ama ni maadui?” Darasa likagawanyika, kelele nyingi. Nikamwambia mchoraji hakutuachia jibu. Akasema basi yeye asingevua kikwembe chake kabla ya kujua.