Msiuache Uwanja Mkivunja Ungo

Wajukuu zangu, nimekuwa somo wa wasichana wengi wa mtaa huu, na kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa michezo hapahapa Tanga. Kazi hizo mbili zimenionyesha jambo moja kutoka pande mbili. Msichana akivunja ungo, somo anaitwa nyumbani kumfunda. Wiki hiyohiyo mwalimu anampoteza uwanjani.

Darasa la tano watakuja 20 kucheza netiboli, wanagombania fulana ya herufi C kwa sababu C anakimbia kuliko wote. Wakifika kidato cha pili wamebaki 7, na hao 7 ndio timu kamili, kwa hiyo akiumia mmoja hakuna wa kumwingiza. Wenzao wapo palepale, wamekaa chini ya mkungu, kanga kiunoni, wanatazama. Ukiuliza, huyu tumbo linamuuma, yule kasahau raba. Wa tatu anakuambia, "Mwalimu, mimi sasa mkubwa."

Neno hilo najua lilikotoka. Lilitoka kwetu sisi wakubwa. Mimi nilivunja ungo nikiwa na miaka 13, na shuleni nilikuwa mkimbiaji wa mita 800. Somo wangu, Mungu amrehemu, alinifunda mengi ya kweli: usafi, haya, kuzihesabu siku zangu. Mwisho akasema, mbio basi, sasa kaa kitako. Alinipenda, na alinipa kile alichopewa na somo wake. Nikakaa kitako miaka 4. Nilipoingia chuo cha ualimu nikajaribu tena, mzunguko mmoja ukanitoa pumzi, nikashika magoti nikalia. Nilichokiacha sikukikuta. Nasema haya ili mmoja wenu asije akalia kilio kile.

Sikilizeni kinachotendeka mwilini. Mpaka miaka 10 au 11, msichana na mvulana wakishindana mbio, tofauti yao ni ndogo. Balehe ikiingia, mvulana huongezewa misuli na damu yenye nguvu hata asipofanya lolote. Msichana huongezewa mafuta ya nyonga na kifua, na huanza kupoteza damu kila mwezi. Pumzi yake, yaani uwezo wa moyo na mapafu kuipelekea misuli hewa inapofanya kazi, hupanda mpaka miaka 14 hivi, kisha kwa wengi hutuama. Hapo ndipo mnapokata tamaa. Kaka yako mliyekuwa sawa naye anakupita, wewe unasema mwili wangu umekataa. Haujakataa. Moyo wa msichana anayefanya mazoezi hujaa damu zaidi na kusukuma zaidi kwa kila pigo, ndiyo maana akipumzika mapigo yake ni machache. Kazi hiyo mwili hauifanyi wenyewe, unangoja uukimbize.

Jaribuni wenyewe. Asubuhi kabla hujainuka kitandani, weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Hesabu nusu dakika, zidisha kwa 2, andika nyuma ya daftari. Nilimpa kazi hiyo msichana mmoja wa kidato cha kwanza, mnene kidogo, aliyekuwa akichekwa na wenzake hata akaogopa kuvaa kaptura. Alikimbia nasi muhula mzima, nyuma ya wote, bila kukosa. Siku moja akanifuata na daftari lake, tarakimu zimepangwa kwa wino wa bluu kama hesabu za duka: juu 84, chini kabisa 70. Akaniuliza kwa hofu, "Mwalimu, moyo wangu umepunguza mwendo?" Nikamwambia umepata nguvu, hauna tena haja ya kuhangaika. Aliondoka akitembea kifua mbele, na sikumwona tena chini ya mkungu.

Kuna na mifupa. Karibu robo ya madini yote ya mifupa atakayokuwa nayo mtu mzima huwekwa katika miaka 2 tu, ile inayouzunguka wakati wa kurefuka kwa kasi. Kwa wasichana wengi ni kati ya miaka 11 na 14. Na mfupa hujengeka kwa kutikiswa: kuruka kamba, kucheza rede, kuudaka mpira hewani na kutua. Ukiikalia miaka hiyo, akiba unayokwenda nayo uzeeni ni pungufu. Mmewaona bibi zenu walioteleza bafuni wakavunjika nyonga, wengine hawakuinuka tena.

Wala tatizo si la Tanga peke yake. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Novemba 2019, kwa takwimu za nchi 146, ulikuta kwamba katika kila wasichana 100 wa miaka 11 hadi 17, kama 85 hawafikii kipimo cha dakika 60 za kuushughulisha mwili kwa siku. Wavulana walikuwa 78. Hakuna anayewataka mkimbie dakika 60 mfululizo. Kutembea kwa haraka kwenda shule kumo, na mpira wa jioni umo. Lakini siku 3 za wiki ziwe za kutoka jasho kwelikweli. Mchakamchaka wa asubuhi tuliokuwa tukikimbia huku tunaitikiana ulikuwa mwanzo mzuri. Ongezeni kasi mpaka uweze kumwambia mwenzio maneno machache tu, na kuimba kukushinde. Na ingieni timu. Mazoezi ya peke yako yanaachwa siku ya kwanza ya mvua. Timu inakungoja, kuna fulana yenye herufi yako, kuna mashindano ya shule za sekondari ya UMISSETA mbele, na kuna mwenzio atakayepita kwenu kupiga hodi.

Hedhi isiwazuie. Ukijisikia, cheza, maumivu madogo ya tumbo hupungua mwili ukichangamka. Mkikosa pedi semeni, nasi wakubwa tuzinunue, maana nimeona msichana anaacha timu kwa kukosa kitu hicho tu. Na hijabu isiwe sababu. Nimefundisha wengi waliocheza na suruali ndefu na mtandio uliofungwa vizuri. Kwenye mpira wa miguu FIFA iliuruhusu rasmi mwaka 2014, na kwenye kikapu FIBA ikafuata 2017.

Sasa nawaonya wale mnaokimbia, maana hatari zenu ni nyingine. Msichana hawezi kukimbia kwa chai na andazi. Damu mnayoitoa kila mwezi inaondoka na madini ya chuma, na chuma ndicho kinachobeba hewa. Ukiona ngazi zinakushinda, unapauka, unasinzia darasani, nenda ukapime damu. Chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na hakuna mazoezi yatakayokupa pumzi mpaka uutibu. Kuleni maharage, matembele, dagaa na mifupa yao, kamulieni ndimu, na chai muiweke mbali na mlo kwa sababu inazuia chuma kisiingie mwilini. Na msishindane kukonda. Msichana aliyekuwa akiona siku zake, zikakatika miezi 3 kwa mazoezi mengi na chakula kidogo, asifurahi kwamba amepumzika na usumbufu. Mwili umekosa nishati na mifupa inalipa deni. Aseme kwa mama yake, aende hospitali.

Magoti pia. Netiboli inamsimamisha mtu ghafla: ukidaka huruhusiwi kukimbia na mpira, na ndani ya sekunde 3 uwe umeutoa. Kano za goti za wasichana huchanika kirahisi kuliko za wavulana katika michezo ya kuruka. Fundishweni kutua: magoti yakunjwe, yaelekee mbele, yasigongane, na mguu utue bila kishindo. Kocha asiyefundisha kutua ombeni mwingine.

Na kocha anayekutaka ubaki peke yako baada ya wenzio kuondoka, anayekununulia simu na kukuambia usimwambie mtu, huyo si kocha. Kimbia, na mbio unazijua. Kisha njoo useme, usiku au mchana. Agnes Tirop wa Kenya alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015. Oktoba 2021 aliuawa nyumbani kwake Iten, na umri wake ulikuwa miaka 25. Kipaji hakimlindi msichana. Wanaomlinda ni watu wake, kwa hiyo mama na mashangazi mnaonisikia, njooni uwanjani mkae mtazame.

Wapo waliotangulia. Theresia Dismas wa hapa kwetu alirusha mkuki Brazzaville mwaka 1965 akarudi na medali ya fedha katika michezo ya Afrika. Faith Kipyegon wa Kenya alishinda mbio za nyika za vijana wa dunia nchini Hispania mwaka 2011, miguu mitupu, akiwa na miaka 17. Akazaa mwaka 2018, kisha akarudi akashinda dhahabu ya Olimpiki Tokyo na tena Paris. Siwaagizi muwe kama wao. Wengi wenu hamtavaa medali yoyote, na pumzi mtakayoijenga mtaitumia kubebea watoto, kulima na kupanda ngazi za kazini.

Kwa upande wangu nimeshabadilisha maneno. Kila msichana ninayemfunda sasa, nikimaliza ya usafi na haya na kuzihesabu siku, namwambia: na uwanjani urudi. Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi nitakuwa pale shuleni, na mpira ninao. Njooni na maji, na yule aliyekaa chini ya mkungu mshikeni mkono mje naye.